Krismasi Tuliyojifungia Ndani

Siku ya kuanua matanga ya mama mkwe wangu, wifi yangu Raheli alisimama katikati ya watu akasimulia habari ambayo ukoo mzima unaipenda. Tulikuwa uani kwa marehemu, kijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa Iguguno, na sahani za wali zilikuwa bado mikononi mwetu. "Mama alikuwa hachoki kuisema Krismasi ile ya Iguguno," alisema Raheli. "Kaka Msengi na mkewe walikuwa wamesafiri kwenda Itigi, lakini roho ikawasumbua kumwacha mama peke yake sikukuu. Wakakatiza safari, wakarudi siku ileile na mvua inanyesha. Mama akawachinjia kuku. Alisema hajawahi kula Krismasi tamu kama ile." Watu waliguna kwa kuridhika. Mzee mmoja wa kanisa akamshika mume wangu bega akamwambia, "Ndiyo maana Mungu amekubariki." Msengi aliitazama sahani yake. Mimi niliinuka nikajifanya naenda kuongeza maji ya kunawa, kwa sababu hatukuwa tumetoka Itigi siku ile. Hatukuwa tumetoka popote. Mama aliitunga habari hiyo mwenyewe ili kutusitiri, akaisema miaka mingi mpaka wanawe wakaiamini, na sasa ameondoka nayo. Nimeona niiandike ilivyokuwa, kabla na mimi sijaanza kuiamini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mimi ni mtu wa Itigi, nimekulia karibu na stesheni; Msengi ndiye aliyenileta huku Iramba, na Kinyiramba nilikuwa nakielewa nusunusu, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nyumba yetu ilikuwa tembe la vyumba viwili kandokando ya barabara kuu, paa la udongo juu ya fito, dari jeusi kwa moshi. Ilikuwa na mlango wa mbele wenye baraza nyembamba, na kimlango kidogo cha nyuma kinachotokea uani. Mvua ikinyesha Msengi alipanda juu na koleo kuongeza udongo, na maji yakapita palepale. Kitanda tulikisogeza hata tukakosa pa kukisogezea. Krismasi yetu ya kwanza tulikaribisha kila aliyepita. Nyumba ilikuwa njiani, na kila jamaa wa mume wangu aliyekuja kanisani au kupanda basi alipita kwetu, akala, mwingine akalala. Tulinunua mchele, tukachinja mbuzi, tukaleta kreti ya soda, tukamnunulia mama mkwe doti ya kanga na watoto wa shemeji zangu mashati. Fedha ya alizeti yote iliisha kwa siku tatu. Mwezi wa pili tukawa tunakula ugali wa mtama na mlenda mtupu, na mimi nikaugua kichomi juu ya godoro lililolowa, nikitazama tone moja likijikusanya darini, likinenepa, likianguka. Niliapa palepale kitandani kwamba Krismasi haitatula tena. Nitanunua bati.

Mwaka mzima uliofuata niliuishi kwa kiapo kile. Fedha niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga nililolifukia chini ya mtungi. Niliacha sukari, niliacha mafuta ya kujipaka, nikawa napita nyuma ya maduka ili nisisalimiwe na wenye kukopesha vitenge. Msengi ni fundi seremala, na kila mlango aliouza nilimngoja barabarani kabla marafiki zake hawajamfikia. Sikuwa mtu mbaya, lakini nilikuwa nimeanza kuwatazama watu kama midomo. Akija mgeni macho yangu yalikwenda kwenye debe la unga kabla hayajafika usoni kwake. Msengi aliliona jambo hilo, hakulisema. Mwezi wa kumi na moja, tukiwa tunakula, ndipo nilipomwambia mpango wangu.

"Sikukuu hii tusafiri," nilisema.

"Kwenda wapi?"

"Tuseme tumekwenda Itigi kwa dada yangu. Tufunge kufuli mbele, tupite nyuma, tukae ndani kimya mpaka tarehe ishirini na sita."

Alicheka, akidhani namtania. Aliponitazama tena aliacha kucheka. "Kwa nini tusiseme tu kwamba mwaka huu hatuna kitu?"

"Nani ataamini? Wametuona tukiuza alizeti. Watasema nimekufunga mikono, nimekutenga na ndugu zako."

"Na mama?"

"Mama tutamnunulia kanga bati likishapanda."

Akamega ugali, akauzungusha kwenye mlenda muda mrefu bila kuula. Nilichukua ukimya wake kuwa ndiyo. Siku ya gulio alimtuma mtu wa kijijini kwao ampelekee mama yake habari kwamba sikukuu hatutakuwepo, asihangaike kuja. Simu za mkononi zilikuwa bado. Neno ukishampa mtu limekwenda, huwezi kulifuata.

Tarehe ishirini na nne jioni tukajifungia. Kidirisha tulikiziba kwa gunia, tukabakiza ufa wa kupitisha mwanga. Moto hatukuweza kuwasha kwa sababu moshi ungetutangaza, kwa hiyo nilikuwa nimechemsha viazi vitamu sufuria nzima na kukaanga karanga. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo wa watoto. Walikuja binamu zake, wakapiga hodi, mmoja akasema, "Wamekwenda kwa wakwe, hawa," wakaondoka wakinung'unika, na sisi tuliziba vinywa kwa mikono, mabega yakitikisika kwa kicheko. Akaja baba yake mdogo. Wakaja wanakwaya wawili wenye kiu. Kila hodi iliyoondoka mlangoni niliihesabu kama bati moja. Nakumbuka furaha ile vizuri, na ndiyo inayonitia aibu kuliko yaliyofuata, kwa sababu yaliyofuata naweza kuyaita bahati mbaya, lakini furaha ilikuwa yangu mwenyewe.

Asubuhi ya Krismasi, kengele ya ibada ya kwanza ikiwa imekwisha kupigwa, tulisikia sauti ya mama mkwe barabarani. Alikuwa anasalimiana na jirani yetu, Mama Zaituni, Mrangi aliyekuwa akiuza vitumbua ng'ambo ya barabara. Mama Zaituni alikuwa Mwislamu, na mwaka uliotangulia nilimpelekea sahani ya pilau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Lakini mbona watoto wako wamesafiri? Hukupata habari?"

"Nimepata, ndiyo maana nimekuja. Sikukuu kama hizi wezi wanajua nyumba zilizo tupu. Juzi kule kwetu wamevunja kwa mwalimu, wamebeba mpaka sufuria. Nikasema acha nikawalindie mpaka watakaporudi."

Kisha nikasikia kitu kikiwekwa chini barazani, na kuku akilia karibu kabisa na mlango. Alikuwa amekuja na tetea. Akatandika kanga, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye mlango wetu. Mbao zikalia kidogo. Nilimtazama Msengi gizani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lake mahakamani.

Saa zile sijawahi kuzisahau. Tulikaa sakafuni, miguu imenyooka, hatuthubutu kubanua karanga kwa sababu maganda yanalia. Alipokohoa tulisikia kifua chake kinavyokwaruza. Mama Zaituni alimletea chai na vitumbua, wakazungumza, na sisi tukawa tunasikiliza mazungumzo yasiyokuwa yetu. Aliulizwa kwa nini asiende kwa Raheli akale sikukuu na wajukuu. Akasema wajukuu wapo kila siku, lakini nyumba ikivunjwa imevunjwa. Aliulizwa kama mkwewe anamtunza. Akacheka. "Yule mtoto wa Itigi anajua kufanya kazi. Tena nimeona mshipa wa shingo yake unavyopiga, mwezi uliopita. Nadhani Mungu ametukumbuka, ila sijamuuliza, nangoja aniambie." Nilijishika shingo. Ni kweli, nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa Msengi. Baadaye wakaingia kwenye Kinyiramba, naye mama akasema maneno marefu kwa sauti ya chini. Nilimshika Msengi mkono, nikamuuliza kwa midomo tu, amesema nini? Alitikisa kichwa. Nikambana tena. Akanisogelea sikioni. "Amesema katika watoto wake wote, ni mimi tu ambaye sijawahi kumdanganya." Akarudisha kichwa ukutani, akafumba macho.

Saa sita Mama Zaituni alifunga biashara akaenda kwa dada yake. Barabara ikatulia. Kwa mbali tulisikia ngoma za kwaya. Mama alikuwa akiongea na kuku wake taratibu, akimwambia avumilie. Ilipofika kama saa tisa upepo ukaja na vumbi, kisha mvua, mvua ile ya mwezi wa kumi na mbili inayoshuka kana kwamba mtu amepindua pipa. Upenu wa tembe ni mfupi, na baraza yetu haikuwa na kinga yoyote. Ndani, matone yakaanza kuanguka mahali pake pa kila siku. Nilidhani mama angekimbilia ng'ambo, kwenye kibanda cha vitumbua. Badala yake tulisikia kitu kinaburutwa ukutani. Kikaburutwa kingine. Msengi aliinua kichwa. Alikuwa ameacha mbao zake za mninga nje, zimeegemezwa ubavuni mwa nyumba, na mama yake alikuwa anazibeba moja moja, kuzileta chini ya upenu zisilowe.

"Fungua," nilisema. Sikunong'ona tena, mvua ilikuwa inatufunika.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie chochote."

"Kwa mdomo upi, Debora? Umesikia alivyosema."

Ubao mwingine ukaburutwa, ukaanguka, akaguna kwa maumivu. Msengi aliweka mikono yote miwili kichwani, hakuinuka. Watu wakimsifu hadi leo kwa upole wake mimi nakumbuka mikono ile. Haikuwa ukatili. Alikuwa anamwonea mama yake aibu kiasi kwamba asingeweza kumsaidia. Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Niliondoa gogo la mlango wa nyuma nikatoka.

Nilimkuta amekumbatia ncha ya ubao, kanga tuliyompa mwaka uliopita imemganda mwilini. Nilishika ncha ya pili. Tukaubeba wote wawili hadi ukutani, tukauweka, ndipo aliponitazama. Alianzia miguuni. Nilikuwa peku. Akatazama kanga yangu ya kulalia, ambayo mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuilowesha mabegani. Akatazama barabara, ambako hapakuwa na basi lililosimama tangu asubuhi. Kufuli lilikuwa mbele yetu sote wawili, bado limefungwa.

"Mmerudi?" aliuliza.

"Tumerudi, mama."

"Na mwenzio?"

"Yuko ndani."

Alijifuta maji usoni kwa kiganja. "Poleni na safari," alisema.

Tukapita nyuma. Alipoingia alisimama kidogo mpaka macho yazoee giza, na nikaiona nyumba yangu kama alivyoiona yeye: gunia dirishani, maganda ya karanga, sufuria ya viazi, ndoo tuliyojisaidia ndani yake, na mwanawe amesimama pembeni kama mgeni. "Shikamoo, mama," Msengi alisema. "Marahaba, baba. Washa moto, mkeo amelowa." Akachukua ufagio akafagia maganda. Nilitaka kumpokonya, hakuniachia. Akamchinjisha Msengi yule tetea, akamnyonyoa mwenyewe, akampika kwa chumvi na mafuta ya alizeti aliyokuja nayo kwenye chupa, huku tukihamisha sufuria mbili tukikinga matone. Hatukuzungumza ila mambo ya kazi: nipe kisu, sogeza kuni, chumvi inatosha. Wakati wa kupakua alimwekea mwanawe firigisi, kama alivyofanya tangu Msengi akiwa mtoto. Msengi aliitia mdomoni, akatafuna, akashindwa kumeza. Akatoka uani kwenye manyunyu, akarudi baada ya muda mrefu, macho yamevimba. Mama akajifanya anachokoa jino.

Kesho yake aliondoka mapema. Nikiwa ndani nilimsikia akimwambia Mama Zaituni, kwa Kiswahili na kwa sauti ya kuweza kusikika, "Watoto wamekatiza safari kwa ajili yangu. Walinikuta nanyeshewa." Mama Zaituni akashangilia. Habari ile ilizaliwa hivyo, asubuhi ileile, na haikupita wiki ikawa imefika kijijini kabla yetu.

Hakutununia. Ningependa angetununia. Alichofanya ni kwamba tangu siku ile hakuja tena kwetu bila kutuma neno kwanza. "Waambie nitafika Jumamosi, kama watakuwepo." Watu wa gulioni walileta ujumbe huo bila kuona chochote ndani yake. Kama watakuwepo. Mama anaomba nafasi kwa mtoto aliyemzaa. Alipofika alisimama mbali na mlango, karibu na barabara, akapiga hodi, akangoja mpaka mmoja wetu atoke nje aonekane. Nilijaribu kuacha mlango wazi tangu alfajiri, na bado alisimama palepale.

Mwezi wa pili nilienda kumsaidia kupalilia karanga. Tumbo lilikuwa limeanza kunitangulia. Tulipalilia mistari mitatu tukizungumzia wadudu wa mahindi, na kwenye mstari wa nne niliweka jembe chini.

"Mama, hatukwenda Itigi."

Hakusimama. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akarudi mpaka nilipo, ndipo akaegemea mpini.

"Najua."

"Wazo lilikuwa langu. Msengi alikataa mwanzoni. Nilitaka bati, mama, nilichoka kulala majini. Nisamehe."

"Kujenga si dhambi," alisema. "Na kunyeshewa si jambo, nimenyeshewa mara nyingi. Kinachoniuma ni kwamba mlikuwa mnanisikia." Akaondoa udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu. "Mngeniambia, mama, mwaka huu hatuna sikukuu. Ningekuja na viazi vyangu tukala viazi. Mimi nimezaliwa sina kitu, nimeolewa sina kitu. Mnanionea aibu ya kitu gani?"

Nililia. Hakunibembeleza, ila alinipa kipande cha kanga yake nijifute. Kisha akauliza, "Mwenzio anajua kama umekuja kusema?"

"Hajui."

"Basi usimwambie. Ya kwako nimeyapokea, yamekwisha. Yeye nitamngoja aje mwenyewe. Mtu mzima hasukumwi kwa mama yake."

Nikaahidi. Mwezi wa sita nilijifungua mtoto wa kike, na mama alikuja akakaa kwetu siku arobaini, akaingia na kutoka bila hodi, na nikajua kwamba kati yangu na yeye yamekwisha kweli. Mwezi wa nane bati likapanda. Sitasema uongo, lilikuwa zuri. Mvua ya kwanza ilipolipiga tulikaa kitandani wote watatu, wakavu, tukisikiliza, na sikuona kwamba nilikosea kulitaka. Msengi naye alifanya kila kitu ambacho mwana hufanya. Kila Krismasi tulikwenda sisi kwake. Alimwezekea mama yake nyumba, akamtengenezea kitanda cha mninga, alipougua alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Lakini lile neno hakulisema. Niliwaona wakikaa pamoja, mara nyingi, mama akinyamaza kidogo kumpa nafasi, naye akianza kuongelea bei ya mbao. Nami nilikaa na ahadi yangu nikimtazama mmoja anangoja na mwingine anadhani muda umepita.

Asubuhi baada ya matanga Msengi hakunywa chai yake. Nywele zake ni nyeupe sasa.

"Umemsikia Raheli," alisema.

"Nimemsikia."

"Nilitaka kusimama niwaambie. Miguu ikakataa." Akasukuma kikombe. "Wewe uliwahi kumwambia mama?"

Nilifikiri juu ya ahadi. Aliyenipa sharti lile amekwisha kulala, na sikuona tena ninamlinda nani. "Nilimwambia. Shambani, mwezi wa pili uliofuata."

"Akasemaje?"

"Alinisamehe. Akasema wewe atakungoja uje mwenyewe."

"Alingoja mpaka lini?"

"Hakuwahi kuniambia kwamba ameacha."

Msengi aliinuka. Mjukuu wetu akataka kuwasha pikipiki ampeleke anakokwenda, akakataa. Akachukua kofia akashika njia ya kijijini kwao kwa miguu, mwendo wa saa mbili kwa kijana, sijui ni saa ngapi kwake. Alirudi jua limeshaanza kushuka. Suruali yake ilikuwa na udongo mwekundu magotini, udongo mbichi wa kaburi. Sikumuuliza amesema nini. Nilimletea maji akanawa mikono, kisha akaniomba chakula.